Barabara "inapitika" kwa gari gani? Maneno na mabango ya kuelewa kabla hujawasha gari

Mtu akikwambia barabara inapitika usiwashe gari kwanza, muulize inapitika kwa gari gani na yeye kapita saa ngapi. Nimeendesha Fuso miaka mingi huko vijijini kwenye mazao na sasa niko kwenye semi, lori la kuvuta tela, njia ya Dar–Tunduma, na magari mengi ninayoyakuta yamekwama au yamelala mtaroni dereva wake alikuwa ameulizia njia, tena kaulizia vizuri tu akaambiwa inapitika, ila aliyemjibu alikuwa na bodaboda. Au alipita asubuhi kabla mvua haijaanza. Barabara ni ile ile lakini jibu la pikipiki sio jibu la Fuso yenye magunia ya mahindi, na jibu la asubuhi sio jibu la jioni.

Sasa maneno yenyewe. "Inapitika" peke yake ukiisikia kwa dereva mwenzio wa gari kama lako, basi endelea. "Inapitika kwa shida" maana yake kuna sehemu moja au mbili mbovu na mtu aliyepita alisaidiwa, alisukumwa au alivutwa, hapo ulizia sehemu hizo ziko wapi kwa jina la kijiji, ulizia ni tope au ni shimo au ni maji, kwa sababu shimo utalikwepa, tope unaweza kusubiri likauke, maji ndiyo hayana mjadala. "Imekatika" ni tuta la barabara au kalavati limeondoka, hakuna cha kujaribu hapo. "Imefungwa" ni mamlaka wamezuia, na inaweza kuwa ukiitazama kwa macho unaona mbona nzima tu, kumbe daraja limeliwa chini na maji na juu limebaki lami imening'inia. Wazee hii naisema kwa uchungu kabisa, ukikuta kizuizi usikizunguke kwa sababu umemuona mwenye gari ndogo kazunguka. Yeye ana tani moja na nusu wewe una hamsini.

Na kuna "imefunguliwa kwa muda", hii wengi wanaisoma haraka haraka wanaona neno imefunguliwa basi wanaondoka. Mnakumbuka Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, watu wamekaa barabarani na magari ya abiria na mizigo pande zote mbili. Sehemu kama ile ikikatika mafundi wanajaza mawe na kifusi ili watu wapite, lakini kifusi kipya hakijashindiliwa na magari mazito wala hakijakaa, kwa hiyo mara nyingi magari madogo huanza, halafu mabasi, malori yanakuja mwisho tena moja moja. Ukisikia imefunguliwa uliza wameruhusu uzito gani. Kama hujapata jibu lala ulipo, chai na chapati ya njiani ni bei ndogo.

Masika, Machi mpaka Mei, mimi siondoki bila kusoma taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, na nashangaa madereva wengi hawasomi kabisa wakati ipo bure kwenye simu. Wana ngazi zao tatu na kila moja ina rangi: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Angalizo mimi naondoka ila najua nitachelewa na naepuka njia za vumbi. Tahadhari naangalia nina mzigo gani na napita wapi, kama kuna daraja mfuto njiani, lile la zege lililolala chini maji yanapita juu yake, au bonde la mto, naongea na tajiri, yaani mwenye gari, mapema kabla hajaanza kupiga simu. Tahadhari kubwa sitoki. Tajiri akikasirika atakasirika gari likiwa zima.

Kuhusu daraja mfuto hilo: maji yakifika sentimita 30 tu yakiwa yanakimbia yanaweza kuanza kuinua gari dogo, yakifika 60 yanabeba hata zile gari kubwa za juu juu. Na tatizo huoni chini, jana zege lilikuwepo leo pembeni pameshamegwa. Zile nguzo za pembeni zilizopakwa rangi ziko pale kukuonyesha ukingo na kina cha maji, ukiona hazionekani au zimebaki vichwa, zima gari usubiri. Mito yetu mingi hii ya msimu inajaa kwa kasi na inashuka kwa masaa machache, kesho asubuhi utapita unaongea na simu yako (hapana, simu weka pembeni).

Halafu aina ya barabara. Changarawe ikilowa bado inashika, utapunguza mwendo tu na kuangalia korongo za pembeni. Udongo mwekundu unateleza ila ukikaa masaa mawili jua likipiga unapita. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, huo ukilowa usijidanganye na gari ya fowili, unajishika kwenye tairi mpaka tairi inakuwa duara laini halina meno, unazungusha pale pale na kila unavyokanyaga mafuta unazidi kuchimba. Ukiambiwa mbele kuna kipande cha mbuga na wingu limefunga, kaa hapo hapo. Hata lami ina maneno yake: "mashimo" kila mtu anajua, lakini "mifereji" ndiyo hatari ambayo wenye magari madogo hawaielewi, ni pale lami imebonyea kwenye njia za matairi ya malori, sana sana kwenye vilima ambako tunapanda polepole na jua limelainisha lami. Mvua ikinyesha mifereji inajaa maji na gari ndogo ikiingia kwa spidi inaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ukiuhisi hivyo usikanyage breki, achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka mpaka tairi zishike tena.

Tuje kwenye mabango. Pembetatu yenye mstari mwekundu inakuonya, duara jekundu linakukataza, duara la bluu linakuamrisha. Duara jekundu lenye "10t" ndilo linaleta ugomvi mwingi huko kwenye barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Watu wanadhani ni tani 10 za mzigo. Hapana, ni gari na mzigo na dizeli na wewe na utingo wako na magodoro mliyoweka juu, vyote kwa pamoja. Fuso tupu tayari ina tani zake kadhaa kabla hujapakia gunia hata moja, kwa hiyo ukipakia tani 10 ukaingia kwenye kidaraja cha tani 10 umeshapitiliza mbali. Na kidaraja kile kikivunjika wanaoumia ni kijiji kizima, mama mjamzito anashindwa kufika zahanati mpaka kiangazi kingine. Hii mimi inaniuma zaidi kuliko faini.

Spidi: duara la 50 ni kwenye makazi, na inaendelea mpaka uone lile duara jeupe lenye mistari myeusi ya mshazari, sio mpaka nyumba ziishe. Hapo ndipo askari wenye tochi ya kupima spidi wanakaa, karibu na mwisho, kwa sababu wanajua ukiona nyumba zimepungua unakanyaga. Faini ni kwa kila kosa, na ukikutwa na makosa matatu fanya hesabu mwenyewe. Halafu ile 80 sio ya semi na mabasi peke yake, sheria inasema gari lolote linalozidi kilo 3,500 na gari la abiria, kwa hiyo wewe mwenye Canter iliyojaa ndizi unayetupita na 110 ukidhani haikuhusu, inakuhusu.

Mzani sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa za madereva wengi zinapoishia. Sheria tunayoitumia ni ya Afrika Mashariki ya 2016, huku kwetu ilianza kazi Machi 2019, uzito wa juu kabisa ni tani 56 kwa gari lenye ekseli saba (ekseli ni ule mhimili unaobeba tairi za kulia na kushoto). Lakini 56 sio ruhusa ya kila mtu, unahesabu ekseli zako: ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, mbili zilizofuatana 18, tatu zilizofuatana 24. Semi ya kawaida ya ekseli sita ni 8 jumlisha 18 jumlisha 24, unapata 50. Basi, tani 50 gari na kila kitu.

Sasa unaweza kuwa na tani 48 ukajisikia salama na bado kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese wakakusimamisha, kwa sababu mzani unasoma makundi ya ekseli, sio jumla tu. Chukua shaba inayotoka Zambia na Kongo. Mzigo wa shaba ni mdogo kwa macho, unaona mabunda yamekaa chini kabisa kwenye tela, sehemu kubwa ya tela iko wazi, mtu asiyejua anasema gari halijajaa. Lakini kila bunda lina tani mbili na kitu, kwa hiyo bunda moja likisogezwa mbele uzito unahamia kwenye kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela, zile ekseli mbili za nyuma za kichwa zinasoma 19 na kitu wakati tela nyuma bado ina nafasi. Jumla iko sawa na bado umezidisha. Kwa hiyo wakati wa kupakia usikae kwenye kivuli unakunywa soda ukaja kusaini tu, simama pale, mwambie wa folklifti asogeze nyuma, funga minyororo vizuri, maana mzigo ukiteleza mbele ukifunga breki pale mlimani, mzani unaofuata utasoma kitu kingine kabisa. Kuna kiasi kidogo kinavumiliwa kwenye ekseli, lakini usipange mzigo wako kwa kukitegemea, mizani miwili inaweza isisome sawasawa na wewe una mizani mingi mpaka ufike.

Kuna bosi mmoja aliwahi kunilazimisha niondoke na mzigo niliomwambia umelalia mbele, tukatozwa, na pesa akataka kunikata kwenye mshahara. Tangu hapo mimi tiketi ya mzani wa kwanza naipiga picha namtumia tajiri hapo hapo na kumwandikia kwa maneno, ekseli fulani inasoma kiasi fulani, tufanyeje. Fanya hivyo na wewe, maandishi yanakulinda.

Watu wanauliza kwa nini wanapima ekseli na sio gari zima. Ni kwa sababu lami inaumizwa na kile kinachokanyaga sehemu moja, na inaumia kwa kasi kuliko uzito unavyoongezeka: ekseli ikizidi kwa asilimia 10 uharibifu unakaribia kuwa mara moja na nusu, ikiwa na uzito mara mbili uharibifu ni kama mara 16. Ile mifereji niliyosema hapo juu inatoka huku huku.

Mteremko. Bango la pembetatu lenye mlima na namba ya asilimia linakwambia ugumu wa kushuka, 10% maana yake kila mita 100 unashuka mita 10. Kitonga ukitoka Iringa kushuka Ruaha Mbuyuni, au Inyala na Iwambi kule Mbeya, chagua gia kabla hujaanza kushuka, gia ile ile ambayo ungepandia na mzigo huo. Injini na egzosti breki ndizo zinashika gari, breki ya mguu unaigusa kidogo halafu unaachia ipoe. Anayeshuka na nutro kuokoa dizeli anaokoa lita ngapi? Breki zikishapata moto hazishiki, utakanyaga mpaka chini na gari linaenda tu. Ukisikia harufu ya breki kuungua, yako au ya aliye mbele yako, tafuta pa kusimama mapema, na wenye magari madogo tafadhalini msijibanze mbele ya semi inayoshuka halafu mkafunga breki, hamjui iko kwenye hali gani.

Alama nyingine haiko kwenye kitabu chochote ila kila dereva wa Tanzania anaijua: matawi ya majani yaliyotupwa barabarani. Ukiona majani mabichi yamepangwa kwenye njia yako punguza hapo hapo, mbele kuna gari limeharibika au ajali, na mara nyingi liko nyuma ya kona. Usiku yanaonekana kwa kuchelewa sana kwa hiyo kama ni wewe umeharibikiwa weka pembetatu zako zinazong'aa, majani yawe nyongeza, na anza kuyaweka mbali, kabla ya kona yenyewe na sio mita kumi nyuma ya tela. Mabasi nayo siku hizi tangu Oktoba 2023 yanatembea usiku kucha, kwa hiyo usidhani saa nane za usiku barabara iko tupu.

Gari likipona msiondoke hivi hivi. Mwambie utingo ashuke atoe majani yote, na yale mawe mliyoweka kwenye tairi ayasukume mpaka nje ya lami. Mawe ya aina hiyo nimekutana nayo usiku sana, ni meusi kama lami yenyewe, huyaoni mpaka uko juu yake, na mwenye pikipiki hayaoni kabisa. Dakika tano tu hiyo kazi, na isubirini iishe kabla hamjaachia hendibreki.