Kinachojaza mikesha ya Northern soul

Ndugu, umeuliza kwa nini nyimbo za soul za Wamarekani weusi za miaka ya 1960, nyingi zikiwa hazikuuza hata kwao, bado zinajaza kumbi Uingereza, katika mikesha ya dansi ya mtindo uitwao Northern soul. Kwangu mimi jibu la kwanza ni sakafu. Watu wanakwenda kucheza, basi. Wigan Casino, ukumbi wa dansi wa mji wa Wigan kaskazini mwa Uingereza, ulioanza mikesha yake mwaka 1973, haukuwa hata na leseni ya pombe. Vijana wa miji ya viwanda walisafiri kutoka mbali, wakacheza kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi. Mbao zilinyunyiziwa poda ili viatu viteleze, na kila mtu alijichezea mwenyewe, mizunguko na mateke ya juu, bila kungoja wa kumshika mkono. Hili lina uzito sana: anayekuja peke yake hajioni mgeni.

Halafu santuri zenyewe. DJ huheshimiwa kwa kufukua wimbo ambao wengine hawana, kwa hiyo muziki wa zamani unaleta jipya kila mara. Mwaka 2009 nakala moja ya santuri ya mwimbaji wa soul Frank Wilson iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000!

Wigan Casino ulifungwa 1981, lakini mikesha iliendelea kwingine, ukiwemo ukumbi wa 100 Club wa London, na wazee wa enzi zile sasa wanacheza bega kwa bega na vijana. Mwandaaji anayepoteza watu ni yule anayepiga nyimbo zilezile maarufu kila mwezi, au anayekodi ukumbi wenye zulia.