Jibu: ripoti mbili za majaribio ya mfumo, nani kashinda?

Mkuu, umeuliza yupi kati ya wazabuni wawili kashinda, kwa ripoti zao za kujaribisha mfumo kwa watumiaji. Kwa zilivyoandikwa, huwezi kuzilinganisha. Mzabuni mmoja kaandika "85% waliridhika", mwingine "walimaliza haraka". Warudishie wote wawili, waandike kwa muundo mmoja: ISO/IEC 25062, toleo la 2006 (muundo wa kimataifa wa kuripoti majaribio ya urahisi wa kutumia mfumo). Unataka vitu vitatu: wangapi walikamilisha kazi, kwa muda gani, na waliridhika kiasi gani.

Ujanja mwingi uko kwenye kukamilisha. Wakijaribu watu 8, 6 wakamaliza wenyewe na 1 akaonyeshwa kitufe cha kubonyeza, ripoti iseme 75%, si 88%. Aliyesaidiwa aandikwe kwenye safu yake pembeni. Tena kwa kuwa watu 8 ni wachache, hiyo 75% kiuhalisia, kwa watumiaji wote, ni popote kati ya takribani 40% na 94% (uhakika wa 95%), kwa hiyo mwenye 80% hajamshinda mtu. Wasipungue 8 kwa kila kundi: makarani wa halmashauri 8, wafanyabiashara 8, wasichanganywe.

Muda waseme unaanzia wapi na unaishia wapi, na ulipimwa kwa kifaa na mtandao gani. Kompyuta ya ofisini Dodoma mjini haikuambii lolote kuhusu mwenye duka wa Kongwa anayejaza fomu kwa simu na bando la kuungaunga.

Kuridhika watumie SUS (System Usability Scale, dodoso la urahisi wa kutumia mfumo): maswali 10, alama 0 hadi 100. Hizo ni alama, si asilimia; hapo wengi huchapia.

Orodha ya kasoro za skrini waombe kando, muundo huu wa ISO haukuundwa kwa kazi hiyo.