Kubaki Bwenini Ulaya Likizo ya Desemba: Mambo ya Kumaliza Novemba

Mwanafunzi wa mabadilishano anayebaki Ulaya mwezi wa Desemba huanza kwa kuihofia baridi. Baridi ina koti. Kinachowasumbua wengi ni kwamba kila kitu hufungwa kwa mpigo: ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maktaba, mgahawa wa chuo, benki, na pengine bweni lenyewe.

Anzia bwenini. Usiulize tu kama bweni litafungwa, maana utajibiwa "hapana" na jibu hilo litakuwa nusu ya ukweli. Uliza kadi yako ya mlango inaisha tarehe ngapi, kama joto litapunguzwa, kama jiko la pamoja litakuwa wazi, na nani wa kupigiwa simu bomba likipasuka usiku. Majibu uyapate kwa barua pepe, si kwa mdomo wa mlinzi. Hilo la kadi ndilo lenye mtego: ukomo wake huwekwa kwenye kompyuta, na ruhusa ya kubaki hutolewa na ofisi nyingine. Unaweza kuwa na ruhusa halali mkononi na bado ukakwama nje saa tano usiku.

Sasa hita ya ukutani, ile yenye kidude cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5. Wengi hukizungusha hadi 5 chumba kikiwa baridi, wakidhani kitapata moto upesi. Hakipati. Namba ni kiwango cha joto cha kufikia, si kasi: 3 ni kama nyuzi 20, 5 ni kama 28. Kidude hicho hupima hewa iliyo jirani yake, kwa hiyo ukikifunika kwa pazia, hita itajizima mapema na wewe utaendelea kutetemeka. Ukifungua dirisha bila kukizima kwanza, kitapigwa na hewa ya nje na kuifungulia hita yote, yaani unapasha moto barabara. Ukisafiri, usifunge kabisa. Weka kwenye alama ya theluji, kama nyuzi 6, mabomba yasigande.

Dirisha nalo lina utaratibu wake. Lifungue wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha lifunge. Kuliacha na upenyo kutwa nzima hupoza kuta, na mvuke wa kupikia, kuoga na nguo zinazoanikwa chumbani hugeuka maji kwenye kona hizo baridi. Ukungu mweusi huanzia hapo, mara nyingi nyuma ya kabati, na mwisho wa muhula gharama ya kuusafisha inaweza kukatwa kwenye amana yako.

Kalenda isome tarehe kwa tarehe. Ujerumani, kwa mfano, maduka hufungwa mchana wa tarehe 24, tarehe 25 na 26 ni sikukuu, na Jumapili hayafunguliwi. Mwaka 2026 tarehe 25 ni Ijumaa, kwa hiyo ni siku tatu mfululizo bila duka la kawaida. Husaidia yaliyo ndani ya stesheni kubwa za treni. Dawa unazotumia kila siku zichukue kabla, na zikutoshe mpaka wiki ya pili ya Januari, kwa sababu madaktari nao huenda likizo. Kodi ya Januari itume kabla ya tarehe 20: mfumo wa malipo wa benki za euro hufungwa tarehe 25 na 26 Desemba na 1 Januari, na uhamisho wa kawaida husubiri.

Safari ndiko makosa ya gharama hutokea. Kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao), pamoja na pasipoti, hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akienda London kutalii siku mbili ametoka Schengen, na kurudi hawezi. Kama kibali chako kinahuishwa, uliza kwa maandishi kama karatasi ya muda inakubalika mpakani. Na tarehe 25 usipange kusafiri kwa treni Uingereza, husimama.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Ya ndani yawe ya sufu au poliesta, si pamba, kwani pamba hushika jasho na kukupoza. Viatu viache nafasi ya soksi nene. Kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hufa ganzi hata ndani ya soksi mbili.

Tarehe 21 Desemba, Helsinki hupata mchana wenye urefu wa chini ya saa sita, London wa chini ya saa nane. Aliyemaliza mitihani na kulala mpaka adhuhuri huamka zikiwa zimebaki saa chache tu jua lizame, na baada ya wiki moja ya hivyo hulaumu upweke kwa kila kitu. Toka nje kabla ya saa sita mchana, hata kama kuna mawingu.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu usiku wa 24, kubali. Ila taja mapema usichokula, na uangalie basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi: usiku huo usafiri hupungua mapema kuliko siku nyingine.