Mchungaji amestaafu, je sisi washirika tunakosea tukigawana kazi ya kanisa?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa Kayole, kanisa letu ni dogo, tuko kama arobaini hivi. Mchungaji wetu alistaafu mwezi wa tano akarudi ushago na mpaka sai hatujapata mwingine. Tunahubiri kwa zamu, wengine wanaongoza maombi. Sasa kuna askofu amekuja mara mbili akasema madhabahu bila kuhani ni laana, ati tunarudia kosa la Sauli na sadaka yetu haina baraka mpaka tuingie chini yake. Watu wameogopa, wengine wameacha kuja. Mimi ndio niko na ufunguo, nafagia, nafundisha watoto, naandika daftari la sadaka, naenda kuona wagonjwa. Nimechoka na naogopa pia. Je tunakosea?

JIBU: Asifiwe sana mama. Nilikuwa na swali lingine la kujibu wiki hii lakini lako limeninyima usingizi, wacha lile lingoje. Hamkosei. Kuhubiri kwa zamu mkiendelea kumwomba Mungu awape mchungaji si dhambi, na msikubali mtu awaambie ni dhambi.

Tuanze na huyo Sauli. Fungua 1 Samweli 13 usome pole pole. Sauli aliambiwa angoje siku saba, Samweli akachelewa, watu wakaanza kutawanyika, hofu ikamshika akatoa sadaka ya kuteketezwa mwenyewe. Kosa lake ni kuvunja agizo alilopewa na nabii kwa mdomo. Sasa nyinyi mmevunja agizo gani? Niambie nani alikataza mzee wa kanisa asisome Neno na kulieleza mbele ya ndugu zake Jumapili. Tena ukitaka kujua nani anafanana na Sauli hapo, muangalie huyo ameona watu wanatawanyika akakimbia kushika kazi ambayo hajaitiwa.

Na hiyo ya kuhani ndio inaniuma kabisa. Kuhani wetu ni Yesu, kitabu cha Waebrania karibu chote kinapiga kelele juu ya hiyo, na Petro anaandikia waumini wa kawaida, wageni waliotawanyika, anawaita ukuhani wa kifalme. Mtu akisimama Nairobi leo akuambie sadaka yako haifiki kwa Mungu mpaka ipitie kwake, huyo amerudisha pazia la hekalu ambalo Mungu mwenyewe alilipasua. Mchungaji ni zawadi, nami nashukuru kwa kila mmoja, lakini Efeso 4 inasema kazi yake ni kuwakamilisha watakatifu "hata kazi ya huduma itendeke". Kazi ilikuwa yenu hata kabla astaafu.

Paulo alikaa Efeso miaka mitatu. Akiwaaga aliita wazee, wengi, si mmoja, akawaambia wajitunze wao wenyewe na kundi lote, halafu akasema baada ya kuondoka kwake mbwa-mwitu wakali wataingia. Mama, wanaingia wakati gani? Baada ya kuondoka. Simjui huyo askofu na sitamhukumu moyo, lakini angalia ameuliza nini kwanza akifika, ameuliza habari ya wagonjwa na watoto ama ameuliza sadaka inaenda wapi? Msitie sahihi karatasi yake yoyote.

Meza ya Bwana fuateni katiba yenu, kama inataka aliyewekewa mikono muombe mchungaji wa kanisa jirani mnayemuamini awasaidie mara moja kwa mwezi. Pesa nayo muwe wakali. Paulo akikusanya mchango wa Yerusalemu hakumwachia mtu mmoja, alimtuma Tito na ndugu wengine ili mtu asije akawalaumu. Kwa hivyo sadaka ihesabiwe na watu wawili pale pale mbele ya kanisa, iandikwe, isomwe Jumapili inayofuata. Na kama mmesajiliwa, yule aliyestaafu asiendelee kuwa ofisa wenu kwa Msajili wa Vyama wala mtia sahihi kwa benki, fanyeni mkutano muandike kumbukumbu mbadilishe.

Sasa wacha nikuambie kitu chenye hukuuliza. Nimesoma meseji yako mara tatu nikahesabu: ufunguo, kufagia, watoto, daftari, wagonjwa. Hiyo ni mambo matano na mtu ni mmoja. Unaniambia mnagawana kazi, lakini naona mmegawana mimbari tu, hizo zingine zenye hazionekani mmekuachia wewe, na mimi kama mchungaji naona aibu juu hata sisi tumezoea hivyo, mama afike saa kumi na mbili apanguse viti sisi tuje saa nne tukae mbele. Musa aliambiwa na mkwewe Yethro "Jambo hili ufanyalo si jema", na huyo alikuwa Musa. Kuchoka kwako si upungufu wa imani.

Jumapili hii baada ya ibada omba dakika tano useme wazi unashika nini na nini utaacha. Daftari mpe mtu mwingine kabisa, hata kwa usalama wa jina lako. Ufunguo mpe kijana mmoja mwaminifu. Wewe baki na watoto kama ndio moyo wako uko, na Jumapili inayofuata usifike mapema, uje na watu wengine, ukute kanisa limefunguliwa na viti vimepanguswa.