Madiwani wa Chicago na reli ya ziwani, 1852

Wapo wanaodhani kwamba Baraza la Jiji la Chicago liliiuzia kampuni ya reli ya Illinois Central ufukwe wa Ziwa Michigan. Hapana, halikuiuzia. Uamuzi wa Juni 1852 uliipa haki ya kupitisha njia yake kando ya ziwa, katika ukanda wenye upana wa futi 300, kwa sharti kwamba ijenge na kuutunza, kwa gharama yake yenyewe, ukuta wa kukinga barabara ya Michigan Avenue dhidi ya mawimbi yaliyokuwa yakimega ardhi. Kwa jiji lililotaka ukuta bila kugusa hazina yake, kwa maoni yangu hayakuwa mapatano mabaya. Kwa kuwa ukanda huo ulikuwa ndani ya ziwa, treni zilipita juu ya nguzo za mbao zilizosimikwa majini, na maji yaliyobaki kati ya reli na nchi kavu yalifukiwa baadaye, kwa sehemu kubwa kwa kifusi cha moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya jiji mwaka 1871.

Kinachowachanganya wengi ni sheria ya 1869 iliyoipa kampuni hiyo eneo kubwa la sakafu ya ziwa. Hiyo ilitungwa na bunge la jimbo la Illinois, si madiwani, nalo likaifuta mwaka 1873. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono ufutaji huo mwaka 1892, katika hukumu inayosimulia pia masharti ya 1852.