Barua kwa mwanangu aliyeganda ubaoni

Newala, Desemba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na ya tatu nilikwenda kukaa chini ya mkorosho wa nyuma ya nyumba, maana humu ndani bibi yako angeniuliza ninalia nini.

Umesema kwenye semina ya hesabu hapo chuoni mlianza kwa kujitambulisha, ukasema unatoka Newala, huku Kusini, na kijana mmoja akapaza sauti, "Kumbe na Wamakonde wamo!" Watu wakacheka. Muda si muda mwalimu akakuita ubaoni kwa swali ulilokuwa umelifanya usiku wa jana yake, likakupotea lote. Wiki iliyofuata kwenye jaribio ukapata 11 kwa 30. Sasa unauliza: "Mama, inawezekana watu na mahali vikamfanya mtu asahau anachokijua, au akili yangu ndiyo imefika mwisho?"

Inawezekana, mwanangu. Nimefundisha shule ya msingi miaka 26, na mimi mwenyewe nimewahi kumfanyia mtoto wa mwenzangu jambo hilo.

Wewe ulikuwa hujaanza shule. Nilikuwa na mvulana wa darasa la tano, mtoro, hasa siku za gulio. Jumamosi moja nikamkuta amepanga mafungu ya mihogo mibichi juu ya kiroba, fungu 300. Nikachukua mafungu saba, nikampa noti ya 5,000. Hakutazama juu wala hakuhesabu vidole. "Kumi ingekuwa elfu tatu, toa mia tisa, elfu mbili na mia moja," akasema, na kabla sijafunga kikapu chenji yangu ya 2,900 ilikuwa mkononi. Jumatatu nikamwandikia ubaoni 300 × 7. Akasimama na chaki, kisigino kimoja kikisugua ugoko wa mguu wa pili, akaandika sifuri mbili, akafuta, akaandika tena, akafuta. Nikamwambia mbele ya darasa zima, "Rudi gulioni ukauze mihogo." Wakacheka kama walivyocheka wenzako. Yule mtoto hakunyoosha tena mkono kwenye somo langu mpaka anamaliza la saba.

Nilichokifanya nilikuja kukielewa nikisoma shahada Chuo Kikuu Huria, zile jioni ulizokuwa ukinishikia taa umeme ukikatika. Tulisoma utafiti wa Terezinha Carraher na wenzake, uliotoka 1985, wa watoto watano wachuuzi wa mji wa Recife, Brazil. Watafiti walikwenda kwao kama wateja. Kwenye biashara, watoto walipata majibu 98 kwa kila 100. Hesabu za aina ile ile zilipoandikwa kwenye karatasi, hakuna nazi wala mteja, wakapata 37 kwa 100. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi nne, moja ikiwa 35. Akajumlisha kichwani, akasema 140, sawa kabisa. Akapewa penseli na 35 × 4: nne mara tano ishirini, beba mbili, mbili na tatu tano, tano mara nne ishirini. Akaandika 200. Nilifunga kitabu nikatoka nje, mwanangu. Nilimwona yule wangu wa mihogo.

Hilo ni la mahali na namna ya kuulizwa. La kucheka na jina la kwenu, somo lake limetoka India. Karla Hoff na Priyanka Pandey waliwapa wavulana wa vijijini michoro ya kutafuta njia ya kutokea, wengine wa matabaka ya juu, wengine wa yale ya chini kabisa; huko tabaka mtu huzaliwa nalo. Pale tabaka la mtu lilipokuwa halijatajwa, walikwenda sawa. Katika makundi mengine, kabla ya kuanza, kila mmoja alitangazwa mbele ya wenzake: jina lake, la baba, la babu, kijiji, tabaka. Wale wa chini wakashuka. Vichwa vilikuwa vya aina moja, wino na karatasi ni vile vile, kilichoongezeka ni tangazo tu. Nilipofika kwenye ujumbe wako, pale pa "Kumbe na Wamakonde wamo," nilimkumbuka kila mmoja wa watoto wale.

Lakini sitaki kukudanganya ili upoe. Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha jambo linalofanana na hilo Marekani 1995, kwa wanafunzi weusi wa chuo kikuu, na likavuma dunia nzima. Wengine waliporudia kwa watu wengi zaidi, matokeo hayakuwa hivyo kila mara. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliotoka 2018, wa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, uliwakumbusha wasichana maneno ya watu kuhusu wao na hesabu, na alama zao hazikushuka. Kwa hiyo yule kijana asipewe mzigo wote. Dakika zile za ubaoni alikuumiza, hilo naliamini. Alama 11 za wiki iliyofuata zina mambo mengine.

Moja ni lugha. Hesabu ulizijua kwa Kiswahili miaka saba, ukaingia Kidato cha Kwanza zikageuka Kiingereza, na mwalimu mwenyewe akawa anatafuta maneno. Leo unaulizwa kwa Kiingereza, unafikiri kwa Kiswahili, unajibu kwa Kiingereza, na darasa limekukodolea macho. Kichwa kinabeba mizigo miwili, na aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni anabeba mmoja. Jingine ni huko tulikotoka. Wewe umezaliwa daraja la Rufiji likiwa tayari, lile lenye jina la Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, lililofunguliwa 2003. Sisi tulilala Ndundu tukingoja pantoni, masika barabara ni tope, na vitabu vya shule vilipita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana sivumilii mtu aseme watu wa Kusini hawana kichwa.

La tatu umeliandika kama dogo, nami nimelipigia mstari: kwamba sasa unasomea kitandani hosteli, peke yako, mpaka saa nane usiku, ili mtu asione usichokijua.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwalimu wa hesabu aitwaye Uri Treisman alijiuliza miaka ya 1970 kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wakifeli kalkulasi, somo la hesabu za chuo. Watu walimwambia ni uvivu, ni sekondari mbovu, ni wazazi. Akaamua kuwafuatilia huko wanakosomea. Wale weusi walikuwa na bidii, ila karibu wote walisoma peke yao. Wanafunzi wenzao wa asili ya China walikuwa wakifanya maswali kila mtu kwake, kisha wanakutana, wanakosoana, wanajua wapi mwenzao naye kakwama. Asiye na kundi akikwama hudhani amekwama yeye tu. Treisman akaanzisha vikao vya kukaa pamoja na kupambana na maswali magumu, na hakuviita vya waliofeli. Waliohudhuria walipanda sana.

Basi acha kujificha. Yule binti wa Singida unayesema hukaa mstari wa nyuma na hasemi, naye bila shaka anaogopa sapu, ule mtihani wa kurudia, kama wewe. Mfuate. Tafuteni na wa tatu, diskasheni mara mbili kwa wiki, mbishane kwa Kiswahili mpaka jibu likae, ndipo mlipange kwa Kiingereza. Na siku ya semina mkafanye swali moja pamoja kwenye ubao wa darasa tupu kabla wengine hawajaingia, mkono uizoee chaki ile.

Baba yako yuko shambani, korosho bado zinadondoka. Kondakta wa basi la kesho alfajiri nimempa mfuko wenye jina lako: kilo mbili, nimezibangua mwenyewe, nyingine zimevunjika. Ni za diskasheni. Niandikie ni swali gani mlibishania kwanza, na nani alikuwa sahihi.

Mama yako