Kabla ya Kuomba Zabuni ya Halmashauri, Uliza Pesa Yake Iko Wapi

Kila tangazo la zabuni likitoka, vijana wenye karakana hapa Ngamiani, Tanga, hunijia na swali lile lile: "Mzee, tuweke bei gani?" Nami huwauliza kama wanajua pesa ya kazi hiyo inatoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. Wanacheka, wanaona naleta uzee. Lakini ukiuzia shule na zahanati madawati na milango, bei unaweza kuipanga kwa usiku mmoja. Pesa yenyewe ilipangwa zamani, wewe ukiwa hupo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Dawati litakalonunuliwa Oktoba lilianza kusemwa kwenye mikutano ya mtaa, likapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, likapita kamati za halmashauri, mpaka Baraza la Madiwani likapitisha bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka, na ndipo likaenda mkoani na Bungeni. Ule mkutano wa mtaa unaoukwepa kwa kuwa mwenyekiti ana maneno mengi, ndiko kazi yako inakozaliwa. Kama mtaani kwenu hakuna aliyetaja upungufu wa madawati, usishangae mwakani shule yenu haimo kwenye mpango wa ununuzi.

Nenda na kwenye vikao vya baraza. Viko wazi kwa wananchi, labda baraza liamue kujifungia kwa jambo fulani. Utachoka, nakwambia mapema: sala, kuthibitisha kumbukumbu, mheshimiwa kumpongeza mheshimiwa. Vumilia mpaka taarifa ya mapato na matumizi ya robo. Katika halmashauri moja nilikaa nyuma ya diwani ambaye, mweka hazina akisoma, alikuwa anapeleka kidole kwenye kabrasha lake, kutoka safu ya makisio hadi safu ya makusanyo halisi. Alipofika kwenye ushuru akaguna. Makusanyo hayakufika hata nusu ya lengo, na samani za mwaka ule zilikuwa zimeegemezwa kwenye mapato ya ndani. Zabuni ilipotangazwa niliiacha ipite, mbao nikampelekea mtu aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni.

Hilo la mapato ya ndani lishike sana. Ni ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma, stendi. Biashara ikiyumba, yanayumba, na anayesubiri ni mzabuni. Fedha kutoka serikali kuu, ikishaingia kwenye akaunti ya shule, ni habari nyingine. Kwa hiyo uliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, fedha imeshaingia au bado iko kwenye bajeti?" Sijawahi kuona mwalimu mkuu aliyekasirika kwa swali hilo. Wengi wanashusha pumzi, maana wao ndio watakaopigiwa simu na mzabuni mwenye deni.

Ujue pia nani ana mfuko upi. Barabara za mitaa na vijijini ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017, maji ya vijijini yako kwa wakala wa maji, RUWASA, tangu 2019, na hapa mjini maji ni ya mamlaka ya maji, Tanga UWASA. Mwenye tipa la kokoto anayeshinda kwenye korido za halmashauri akitafuta kazi ya barabara anamaliza soli bure.

Na wapo wale wa vijiweni wanaosema "nina mheshimiwa wangu." Diwani anapitisha bajeti, lakini hakai kwenye bodi ya zabuni. Afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha, ni mkurugenzi. Anayekuomba asilimia kumi kwa jina la diwani anakuuzia kitu ambacho diwani mwenyewe hana, na wewe ukitoa ni mtoa rushwa. TAKUKURU hawatakuuliza kama zabuni uliipata.

Maombi yenyewe siku hizi ni NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, tangu Oktoba 2023 ulipochukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS. Jisajili sasa, usingoje tangazo, maana TIN, namba yako ya mlipakodi, yenye taarifa zisizolingana inaweza kukula wiki nzima. Halafu kuna asilimia 30 ya ununuzi ambayo sheria inataka itengwe kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kina dada wa Makorora au Mabawa wenye kikundi na fundi mzuri wana nafasi kubwa kuliko yangu, ila wengi hawajaenda hata kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata akawaelekeza namna ya kusajili.

Turudi kwenye bei, maana mliniuliza. Mtiki wa shamba la miti la Longuza unalipiwa kwanza, mwenye mbao hangoji halmashauri. Weka usafiri hadi shuleni. Kupeleka Pongwe si sawa na kupeleka Chumbageni. Kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 2 ambayo mlipaji anaikata kabla hajakulipa bidhaa: cheti chake kitunze, utakihesabia kwenye kodi yako ya mwaka. Na mbao ikauke kweli. Kwenye kamati ya mapokezi siku hizi hakosekani mzazi fundi. Mmoja alipindua dawati langu juu chini mbele ya watu, akapitisha kucha kwenye maungio kabla hajasaini.

Siku ya kupeleka mzigo usiondoke bila hati ya mapokezi yenye saini na muhuri. Ankara ipeleke siku hiyo hiyo kwa walioagiza, nakala yako nayo igongwe muhuri. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uliza mapema inatakiwa lini. Kama ni Mei au Juni, usilaze karatasi hata usiku mmoja: hesabu za mwaka zinafungwa 30 Juni, na deni likivuka hapo linaanza kuhakikiwa upya kabla ya kulipwa.